Tokeo Namba Tano

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo wa kwanza alikuwa bado hajawika, na gizani, upande wa mafiga, vidole vidogo vilikuwa vikikwangua ukoko wa ugali wa muhogo chini ya sufuria. Scholastica alikuwa kitandani akiusikiliza mlio ule. Mama mwingine angeuliza kwa nini mtoto ameamka saa hizo. Yeye, kwa kuwa alikuwa Katibu wa Kamati, aliwaza kwamba hana safu ya kuuandika mlio huo kwenye fomu, kisha akavuta kanga usoni akalia kimyakimya.

Siku hiyo ndiyo siku ambayo Vita Baridi vilikuwa vinakwisha.

Tangazo lilikuwa limebandikwa wiki nzima kwenye mlango wa ofisi ya kata, nalo alilipiga taipu mwenyewe kwa vidole viwili: WANANCHI WOTE MNATANGAZIWA KUWA VITA BARIDI VITAKWISHA RASMI JUMATANO SAA NNE ASUBUHI MBELE YA OFISI. MNAOMBWA KUFIKA MAPEMA.

Mtu asicheke. Ni kweli kwamba huko duniani vilikwisha zamani kidogo, na hata jirani zetu wa Msumbiji, ambao ndio waliopiganishwa, walikuwa wameshatia saini amani yao mwaka uliotangulia. Lakini barua ya kutujulisha ilitoka wilayani Mbinga ndani ya lori la kahawa, lori likakwama mteremkoni masika nzima, na kiofisi jambo lisilofika kwenye jalada huwa bado linaendelea.

Barua iliitaka kata ieleze sababu na matokeo ya vita hivyo, ambavyo wakubwa wawili wa dunia walivipigana kwa mikono ya watu wengine. Kamati ya Kata ya Kubaini Sababu na Matokeo iliundwa jioni ileile, kwa vile posho ya vikao ilitajwa katika aya ya pili. Uenyekiti uligombaniwa na watu wawili. Mmoja ni Mtendaji wa Kata, Bwana Wendelin, ambaye enzi zile alipelekwa kozi ya miezi mitatu huko Mashariki, akarudi na kofia ya manyoya na neno "Ndugu". Wa pili ni Diwani, Bwana Cuthbert, ambaye zama hizi za ruksa alikwenda semina ya wiki mbili huko Magharibi, akarudi na tai na neno "Mheshimiwa". Ofisi ilikuwa na kiti kimoja chenye mikono. Kila mmoja alisema ni chake. Kiti kikakaa kitupu mwezi wa nne sasa, wao wakiwa wamesimama pande zake mbili, hawasemezani.

Ukatibu haukugombaniwa. Scholastica alikuwa msomi. Alikuwa amemaliza madarasa ya jioni, somo la historia, kwa alama arobaini na nane kati ya hamsini, na hapakuwa na mtu kata nzima ambaye alikuwa hajaambiwa. Hata wanaoanika dagaa wa usipa ufukweni mwa ziwa walizijua zile alama. Alikuwa amesoma chini ya karabai, mtoto mgongoni, akimsikiliza Mwalimu Frederick akisema: "Sababu za vita ni tano. Matokeo ni matano. Ukiandika manne umefeli. Ukiandika sita unajifanya unajua kuliko mwalimu."

Sababu hazikumsumbua. Aliandika: uroho, woga, majivuno, silaha zisizo na kazi, na jirani aliye karibu. Kwenye matokeo ndipo aliponoga.

Namba moja: turubai la bluu, moja, limeezekea choo cha ofisi. Namba mbili: madebe matupu ya mafuta ya msaada, yenye picha ya mikono miwili inayoshikana, tisa. Namba tatu: mbuzi wa tarishi Ignatio, aliyevuka mpaka bila kibali akakanyaga bomu, miguu mitatu. Umiliki wa tokeo hili ulileta mjadala wa vikao viwili, maana mguu ulikuwa wa kwetu lakini bomu lilikuwa la Mashariki. Namba nne: tundu la risasi kwenye mtumbwi wa kanisa, moja.

Namba tano haikuwepo.

Scholastica aliitazama ile nafasi, imekaa wazi kama pengo la jino. Nje ya mlango Benadetha, mtoto wa miaka sita, alikuwa akimfundisha kuku kukaa. Benadetha aliletwa kwa mtumbwi kutoka ng'ambo akiwa wa miaka miwili. Mwanamke aliyemleta alimweka mikononi mwa Scholastica akasema, "Nishikie kidogo," akarudi kuchukua mtoto mwingine, na hakuonekana tena. Benadetha alilia usiku kucha mpaka alipopewa uji. Mapadre waliandika barua kule mara mbili. Hazikujibiwa. Tangu hapo Scholastica alikuwa ameshika.

Na huyu Scholastica, msomi, mwenye moyo mwororo kiasi kwamba humwonea huruma hata kaa wa ziwani, aliweka vidole viwili kwenye mashine akapiga: "5. Mtoto mmoja, wa kike, mwenye afya." Akaichomoa karatasi, akaisoma kwa sauti, akaona safari hii amepata hamsini kwa hamsini.

Jibu la wilaya lilikuja upesi, maana habari mbaya hupata usafiri. Kata ilipongezwa kwa ukamilifu. Matokeo yote matano yaandaliwe, yapakiwe kwenye lori siku ya kufunga vita, yapelekwe mpakani na kurudishiwa wenyewe, ili jalada lifungwe. Fomu ya Makabidhiano ipigwe taipu nakala tatu, isainiwe na wenyeviti wote wawili, igongwe muhuri.

"Ngoja kwanza," mumewe Hyasinti alisema alipoambiwa, wavu ukamdondoka. "Umemwandika mtoto kwenye fomu ya vita?"

"Yalikuwa manne."

"Si ungeandika mbuzi?"

"Mbuzi alikuwa namba tatu."

"Mama Benadetha, nani aliyekwambia lazima yawe matano?"

"Mwalimu."

Hyasinti aliinama akauokota wavu. "Mimi niliishia darasa la nne," akasema. "Nashukuru Mungu."

Basi Jumatano hiyo Scholastica alifika ofisini saa mbili, macho yamevimba, kuipiga taipu ile fomu. Wenyeviti walikuwa wameshafika, kila mtu upande wake wa kiti.

"Ndugu Scholastica," Mtendaji alisema akitazama dari, "mwambie tarishi wa yule bwana kwamba bwana wake ni kibaraka."

"Kaka Ignatio, bosi wako anaambiwa ni kibaraka."

Diwani, aliyekuwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo, aligeukia dirisha akamnong'oneza Ignatio.

"Mheshimiwa anauliza," Ignatio akasema, "kati yake na mtu aliyevaa manyoya hapa ziwani mpaka akatoka vipele, kibaraka ni nani. Samahani, dada. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Usinichanganyie salamu, tuko vitani."

"Msukume," Diwani akaamuru.

Ignatio alimgusa Scholastica begani, taratibu, kama anayempangusa vumbi.

"Ndugu Scholastica, jibu mapigo!"

Scholastica alichukua rula akapiga meza. Rula ikakatika vipande viwili. Wenyeviti wakaridhika na maendeleo ya mapambano, wakaagiza chai, kila mtu birika lake.

"Dada," Ignatio alinong'ona wakiokota vipande, "hivi mimi na wewe tunagombania nini?"

"Kiti."

"Tutakikalia sisi?"

"Hapana."

"Basi kama si kamati hii, hata rula ingekuwa nzima."

Scholastica alisimama na nusu rula mkononi. Kuna jambo lingine Mwalimu Frederick alilowahi kulisema, siku ile mvua ilipokuwa inapiga bati, yeye hakuliandika vizuri, na kwenye mtihani lilimkosesha zile alama mbili. Alisema tokeo la vita ni kile ambacho, kama vita visingekuwepo, nacho kisingekuwepo.

Akapima. Turubai? Lisingekuwepo. Tundu? Lisingekuwepo. Benadetha?

Benadetha angekuwepo. Angekuwepo mahali fulani ng'ambo, kwa mama yake, akimfundisha kuku mwingine kukaa. Huyo hakuwa tokeo hata kidogo. Huyo alikuwa mtu. Katibu wa Kamati alikuwa amekosa swali, na aliye karibu kulipia kosa hilo alikuwa na miaka sita.

Akakaa. Akaingiza karatasi tatu na kaboni mbili. Akafika namba tano, akapiga.

Alipoipeleka fomu, Mtendaji alishika kalamu. "Yule ameisoma?"

"Bado, mzee."

"Basi na mimi siisomi. Asije akasema nimemsubiri." Akasaini.

Diwani aliiona saini. "Amesaini kabla yangu! Hajui itifaki." Akasaini juu yake, kwa herufi kubwa zaidi, akagonga muhuri mara tatu.

Saa nne kamili lori la wilaya lilisimama mbele ya umati. Alishuka Bwana Erasmo, Afisa wa Kufunga Majalada, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni.

"Shikamoo, mzee," Scholastica alisema.

"Marahaba. Matokeo yako tayari?"

Turubai likashushwa kutoka chooni, na aliyekuwa ndani akaomba dakika moja. Madebe yakapakiwa. Mbuzi akapandishwa akipiga kelele. Kwenye tundu palitokea ugumu wa kitaalamu, maana tundu halibebeki. Bwana Erasmo akaagiza ubao ukatwe kwa msumeno na tundu likiwa ndani yake. Likapakiwa. Mtumbwi wa kanisa ukabaki na tundu la kupita mbwa, lakini hilo lilikuwa jipya, halikuwa la vita.

"Namba tano," Bwana Erasmo akasoma. Akasoma tena, mdomo ukicheza. "'Kamati. Viongozi wakuu wawili. Mmoja wa Mashariki, mmoja wa Magharibi.' Mama, kwenye taarifa ya kwanza hapa palikuwa na mtoto."

Benadetha alikuwa ameshika kanga ya Scholastica kwa mikono yote miwili. Hyasinti alikuwa nyuma yao.

"Ile ilikuwa rasimu, mzee," Scholastica alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu anayejibu ubaoni. "Niliikosea mimi. Tokeo ni kile ambacho bila vita kisingekuwepo. Mtoto angekuwepo. Kamati isingekuwepo."

"Ni kweli," Ignatio alidakia. "Na rula ingekuwepo."

Bwana Erasmo alifikiri. Akafikiri kuhusu Idara ya Kufunga Majalada, ilianzishwa lini na kwa sababu gani, na jasho jembamba likamtoka. "Rasimu haina muhuri," akasema haraka. "Hii ina mitatu. Pakia."

Cha ajabu ni kwamba wenyeviti hawakubisha. Walisikia tu "Mashariki" na "Magharibi".

"Ni safari ya nje?" Diwani alimwuliza Ignatio.

"Mheshimiwa, wanasema mnarudishwa kwa wenyewe."

"Hatimaye wametukumbuka!" Akanyoosha tai. Mtendaji, kwa kuogopa kuachwa, alikuwa ameshapanda, na kofia ya manyoya kichwani juani. Umati ulipiga makofi kwa dhati. Ilikuwa mara ya kwanza kwa viongozi wetu kukabidhi kitu walichosaini.

"Posho tutapewa wapi?" Diwani alipaza sauti kutoka kati ya mbuzi na madebe.

"Hakuna posho," Bwana Erasmo alisema akifunga mnyororo wa nyuma. "Mtashushwa porini, ng'ambo ya kijiji cha Chiwanda, pale penye jiwe la mpaka. Mtakaa hapo mpaka wenyewe waje kuwachukua."

"Watakuja lini?"

"Barua wameandikiwa. Hawajajibu."

Hapo ndipo watu wawili ambao hawakusemezana miezi minne walipotazamana.

"Wendelin," Diwani alisema.

"Cuthbert," Mtendaji akajibu, na akamshika mkono.

Injini ikanguruma. Wakaanza kulia, wote kwa pamoja, wakishikilia vyuma vya lori, mmoja akimwita Ignatio na mwingine akimwita Scholastica. Benadetha aliachia kanga. Akakimbia hatua chache hadi kando ya gurudumu, akainua uso wake kuwaangalia, na akawaambia kwa sauti, kama mtu anayeijua njia hiyo:

"Msilie, huko mtapewa uji."