Ubepari wa Vyumba Viwili

Jumatatu, 4 Machi
Redioni leo mtaalamu kalinganisha ubepari wa nchi mbalimbali. Kuna nchi ambako mwenye hisa ndiye mfalme: faida kwanza, mfanyakazi atajijua. Kuna nchi ambako mfanyakazi akiumwa analipwa, na kwenye baraza la kampuni ana kiti na kura. Nikazima redio. Nimeshaelewa!

Baba alituachia kiwanda cha kushona cha vyumba viwili. Dada mkubwa ana chake, mimi changu. Kwake ni kubembelezana tu. Mimi nina wenye hisa watatu: mama mkwe, mjomba na shangazi. Jumamosi wanakutana kuamua kama nibaki kwenye kiti cha mkurugenzi. Kiti chenyewe kinazunguka. Sikiachii ng'o! Ijumaa natakiwa kukabidhi mashati mia moja na ishirini ya shule. Nikifaulu, nimesalimika.

Jumanne, 5 Machi
Mfumo wa wenye hisa umeanza. Nimefuta chai ya saa nne. Nimemwachisha kazi bibi wa vifungo. Mtu mzima kukaa kutwa na sindano moja, kweli? Mama mkwe kasikia, kaniita mwanangu. Miaka kumi na moja ya ndoa, mara ya kwanza! Nimejizawadia viatu vipya, kama wakurugenzi wa huko. Vinabana.

Jumatano, 6 Machi
Mkata vitambaa kahamia kwa Dada. Kapita mlango wa pembeni na mkasi wake, hata kwaheri hakuna. Nikaenda kupeleleza. Bibi wa vifungo naye yuko huko! Dada akanikaribisha chai. Nikanywa vikombe vitatu, kwa ajili ya uchunguzi. Akaniuliza kama nahitaji msaada wa mashati. Nikamwambia nitakufa kwanza.

Alhamisi, 7 Machi
Nimebadili nchi. Asubuhi nimewatangazia mafundi wanne waliobaki: ukiumwa pumzika, mshahara uko palepale, na Jumamosi kila mmoja ana kura. Wakapiga makofi! Nikaona niwe mfano. Saa tatu nikaanza kuumwa mgongo, nikaenda kulala. Saa nane mke wangu kapita kiwandani, kakuta cherehani nne na paka. Fundi wa kwanza mgongo, wa pili mgongo, wa tatu mgongo. Wa nne kaenda kuwauguza.

Ijumaa, 8 Machi
Mgongo umepona ghafla. Mafundi wamerudi, mashati yamekamilika saa sita. Hayana vifungo! Sita kila shati! Nimeshona mawili kwa mkono wangu. La pili nimeliunganisha na suruali yangu. Mwalimu mkuu anakuja saa kumi. Nikahesabu yaliyobaki: mia moja na kumi na nane. Mara mlango ukafunguka: bibi wa vifungo mbele, Dada nyuma, na mafundi wake wote na sindano zao. Walipiga kura kwao, wakakubali kuja. Saa kumi kasoro robo tukamaliza. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba huo ndio uongozi wangu.

Jumamosi, 9 Machi
Kikao. Mafundi wanne, niliowapa kura mwenyewe, wamenipinga wote. Mjomba na shangazi pia. Mama mkwe ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono, tena alinyoosha yote miwili. Chumba changu kimeunganishwa na cha Dada. Nililia kidogo, chooni. Ilikuwa kazi ya Baba, na ilikuwa mikononi mwangu. Dada alinisubiri mlangoni, akanipa leso, akasema kwake nafasi ipo. Kwenye vifungo.

Jumatatu, 11 Machi
Siku ya kwanza. Bosi wangu ni bibi wa vifungo. Kumbe kwa Dada kila anayeajiriwa anapewa hisa moja siku hiyohiyo. Mwenye hisa mimi! Saa tano nikamfuata Dada ofisini, nikamweleza kwa heshima kwamba kiwanda kimejaa watu, sisi wenye hisa tunaumia, mmoja apunguzwe leo hii. Akaniuliza nani. Nikamwambia kanuni ni moja, haina undugu: aliyeingia mwisho ndiye anayetangulia kutoka. Dada akaniangalia, akacheka mpaka akashika meza. Sijui kimemchekesha nini. Kesho namletea kwa maandishi, na sahihi yangu chini.