Majina Mawili kwa Bibi Harusi Mmoja

Jamani, leo nimepatikana. Niko kwenye kafe ya intaneti hapa mjini na suti yangu ya harusi, nimetoroka ukumbini.

Mnajua mimi ndiye mwalimu wa kwaya yetu ya Nkuhungu. Mnaijua pia kompyuta yangu ya mtumba na ile programu ya kuchora nota (nimewachosha nayo vya kutosha). Wimbo wetu wa kumpokea bibi harusi una mafaili manne, moja kwa kila sauti (soprano, alto, tenor na besi), na faili la tano, dogo, lenye jina la bibi harusi tu. Sauti zote zinachukua jina humo. Harusi mpya, nabadilisha jina mara moja, basi!

Tena juzi niliiandikia kompyuta maelekezo ijiendeshe yenyewe: faili la sauti likibadilika, itengeneze upya karatasi ya sauti hiyo. Lisipobadilika, isihangaike. Faili la jina sikulitaja popote. (Profesa mimi!)

Asubuhi nikafuta Salome, wa Jumamosi iliyopita, nikaandika Janeti, wa leo. Nikarekebisha na nota moja ya tenor. Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua, imemaliza. Nikakagua karatasi ya tenor: Janeti! Safi! Nikachapa zote nne, nikaondoka napiga mluzi.

Kumbe ni tenor peke yake iliyotengenezwa upya, maana faili lake tu ndilo nililoligusa. Zile tatu bado zilikuwa na Salome. Na mazoezini mahali pa jina huwa tunaimba "la la la", kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Bibi harusi anaingia, vigelegele. Soprano wakaanza: "Njoo Salome, mumeo anakungoja!"

Mungu wangu! Nikapunga mikono wanyamaze. Wao wakadhani nataka sauti zaidi, wakapandisha! Alto wakaingia: "Njoo Salome!" Tenor: "Njoo Janeti!" Besi, kwa nguvu zote: "Njoo Salome!" Mume mmoja, wake wawili, mbele ya mchungaji.

Shangazi wa bibi harusi, aliyetoka kijijini Haneti kwa ajili ya siku hii, akasimama.

"Salome ni nani?"

Bwana harusi jasho linamtoka. "Shikamoo shangazi. Simjui!"

"Humjui, na kwaya nzima inamjua?"

Nikamgeukia Mama Sechelela, kiongozi wa alto: "Mama, jina hamkuliona?"

"Tumeliona, mwalimu. Tukajua ndilo la ubatizo."

Nikashika kipaza sauti nieleze habari za mafaili. (Hakuna aliyeelewa.) Moyo uliniuma kweli, nikajua nimeshaharibu harusi ya watu. Ndipo Janeti akaninyang'anya kipaza sauti: "Mwalimu, huyo Salome akija, mwambie kiti kimeshakaliwa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Tukarudia wimbo bila karatasi, Janeti akacheza mpaka shela ikadondoka, nami nikacheka mpaka machozi. Furaha ya leo sijawahi kuiona.

Ila nyinyi msinicheke, tafadhali. Nilipotoka, shangazi alikuwa bado anamhoji bwana harusi.