Bawa la Wangechi

Jumapili, 2 Machi 1997
Mke wangu! Naandika neno hili na moyo unaruka. Leo nimemwonyesha Wangechi jairo yangu, ndege ndogo ninayoiunda mwenyewe nyuma ya nyumba yetu hapa Gitothua. Panga juu, la kuzungushwa na upepo. Injini na propela nyuma ya kiti. Imebaki bawa la mkia tu, la kuzuia pua isipande na kushuka ovyo. Akauliza kiti chake kiko wapi. Malaika! Nikamwonyesha propela tena. Kiti chake hakuna.

Jumatatu, 3 Machi
Kaleli wa Mwiki, ambaye jairo yake mwenyewe haijawahi kunguruma, amekuja kunifundisha. Ati bawa liwe kubwa, likae nyuma ya propela lipigwe na upepo wake. Nikamwambia nitaandika WANGECHI chini ya bawa, na pale litajaa oili. Langu litakuwa dogo, chini kabisa, safi. Akasema bwana arusi, ndege haisomi barua za mapenzi. Wivu!

Jumanne, 4 Machi
Mbao nyepesi nimepata! Milango ya kabati, lile wanawake wa kanisa walilomletea Wangechi siku ya itega, ya kumpa bibi arusi vyombo, wakiimba na kucheza. Nimetundika pazia la maua. Pazuri kuliko mwanzo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Tata Magdalene, shangazi yake Wangechi, ameleta wale wanawake waone vyombo vyao vinatunzwaje. Akainua pazia. Akauliza kama siku hizi wanaume wa Gitothua wanakula milango. Wangechi akacheka nao, akasema iliingiwa na wadudu, dumuzi. Amenitetea! Walipoondoka aliosha vikombe vyote bila kunitazama.

Jumamosi, 8 Machi
Thika, barabara ya shamba la kahawa. Nimeruka! Pua ikapanda. Ikashuka. Ikapanda zaidi. Nikaangukia kwenye kahawa, mkono wa kushoto ukavunjika. Wangechi, aliyekuwa akitazama kando ya barabara, alikuja mbio akilia, akanifuta damu kwa kitambaa chake cha kichwa. Kisha akaona bawa, jina lake limepasuka katikati, bawaba ya kabati bado inaning'inia. Akauliza taratibu kama zawadi ile ilikuwa yake, au ya watu wa kutazama juu.
Jioni amekwenda kwa mama yake, kule Murera. Amesema nichague, yeye au jairo. Nikimchagua yeye, nisitume mtu. Niende mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi
Nimepika chai, nikamimina vikombe viwili. Nimevinywa vyote. Mto wake bado unanukia mafuta ya nywele. Nyumba hii ni kubwa mno.

Jumapili, 16 Machi
Nimechagua! Wangechi, daima Wangechi! Nakwenda kumchukua kesho. Kaleli ameniazima bawa lake kubwa, tumelifunga nyuma ya propela. Panga tumelinyoosha. Mama mkwe ana kiwanja kipana mbele ya nyumba, ng'ombe mmoja tu wa kukwepa. Nitatua mlangoni, atoke, aone kwa macho yake kwamba nimemchagua yeye.
Usukani unahitaji mkono mmoja tu.