Kuku wa Rejista ya Zawadi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeuona mlango wangu. Wa mbao, kahawia, kitasa chake kinazunguka vizuri. Nimekizungusha mara tatu mpaka mama wa usafi akaniuliza kama nimefungiwa nje.

Miaka tisa nimekaa kwenye dawati la leseni za mbwa, hapa mjini, kwenye korido, kati ya choo na mtungi wa maji. Kila anayetoka chooni hunisalimia kwa mkono uliolowa. Sasa mpango wa maadili umefanyiwa marekebisho. Zamani tulijaza fomu moja kwa mwaka, tukaandika "sijapokea zawadi", tukaenda zetu. Madam Mukonyo, mkubwa wetu mpya, anasema mchezo huo umeisha. Kuna Rejista ya Zawadi. Ukiletewa kitu na mwananchi, unakikabidhi na kukiandika. Kitu cha kawaida ni alama moja. Kilicho hai ni alama kumi, kwa sababu ni vigumu kukificha. Mwenye alama nyingi kufikia Ijumaa ndiye mwaminifu kuliko wote, na atakuwa Afisa wa Maadili. Ofisi yake ina mlango!

Tumepewa mwongozo wa kurasa mbili. Nimesoma wa kwanza. Unatosha.

Nanyama wa vibali vya vibanda tayari ana saba. Mkungu wa ndizi, miwa, samaki wa omena, sijui nini. Mimi sifuri. Miaka tisa, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kujaribu kunihonga. Imeniuma sana.

Jumanne, 4 Machi

Mteja! Mwalimu mstaafu kutoka Parklands, Bi. Janice, anataka leseni ya mbwa wake aitwaye Waziri.

Nikamwambia foleni ni ndefu. Akageuka kuitafuta. Nikamwambia kazi hii inakausha koo, nikakohoa. Nikasema tangu asubuhi sijapata hata chai, nikamkazia macho. Akafungua mkoba. Nilikuwa na hotuba ya kukataa, yenye neno "katiba" ndani.

Akanipa tembe ya kikohozi.

Nikaimumunya kwa hasira. Ilipokwisha ndipo nikakumbuka kwamba ningeweza kuiandika. Nimemwuliza Madam kama karatasi yake inahesabika. Amesema nirudi kazini.

Nanyama: tisa.

Jumatano, 5 Machi

Hongo haiji yenyewe. Basi nimeileta.

Wahu, mke wangu, anafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba yetu mtaani Jamhuri. Wako kumi na wanne. Nani atajua mmoja hayupo? Alipoingia kuoga nikamtia mtetea mwekundu kwenye katoni ya sabuni, nikaita teksi. Barabara ya Ngong Road nzima kuku alilalamika. Nikamwambia dereva ni mlio wa simu yangu.

Nikamkabidhi Were, askari wa getini. Nikamweleza polepole: aipandishe katoni saa nne, aseme imeachwa na mwenye mbwa asiyetaka kutajwa. Were akasema sawa mkubwa, akaandika kitu kwenye kitabu cha geti. Mtu makini sana, Were.

Saa nne kamili ikaja. Nikasimama juu ya kiti nikapaza sauti kwamba mimi sinunuliki! Hata aliyekuwa chooni alitoka kusikiliza. Madam akanipa mkono. Kuku akafungwa kikaratasi shingoni: Kielelezo Namba 1. Alama kumi!

Nanyama peke yake alikunja uso. Anasema kwao Bungoma mtu hupelekewa jogoo, na mtetea anayetaga hatoki nyumbani isipokuwa ameibwa. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Sikujua Madam Mukonyo hununua mayai. Sikujua anayanunua kwa Wahu!

Saa tano mke wangu akaingia ofisini na trei ya mayai. Kuku akamwona. Akaruka kutoka mezani, akamkimbilia.

"Madam, hiyo kuku ni yangu!" Wahu akasema. "Cheki mguu, nimeifunga uzi ya sweta ya Debra."

Debra ni binti yetu. Uzi ni wa buluu. Mimi mguu wa kuku sikuutazama.

Madam akafungua ukurasa wa pili. Kumbe mtoa hongo naye anashtakiwa! Akamwuliza Wahu kwa nini alimhonga afisa. Wahu akasema hajahonga mtu, na mbwa hana. Madam akamsukumia karatasi aandike taarifa. Kisha akanigeukia. Je, ninamfahamu huyu mama?

Nilitazama dari. Nikaufikiria mlango. Nikakifikiria kitasa. Nikasema swali hilo ni gumu.

Wahu alinitazama kama siku ile niliyosahau jina la mama yake mbele ya wageni. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, lakini mdomo haukufunguka.

Wa Were ulifunguka. Alipanda ngazi na kitabu chake. Tangu marekebisho, askari huandika kila kitu kama kilivyotokea. Akasoma kwa sauti: "Saa mbili na robo. Kuku moja. Imeletwa na Jamleck wa mbwa. Amesema niseme imeletwa na mtu mwingine."

Nanyama alicheka mpaka akashika ukuta.

Jioni Wahu aliniwekea chai ya rangi, bila sukari. Akauliza kama Baba Debra angependa kuiandika kwenye rejista.

Ijumaa, 7 Machi

Nanyama ameshinda, kumi na moja. Ameufunga mlango mara mbili bila sababu yoyote. Nilisikia.

Madam anasema mimi ndiye mtu wa kwanza anayemjua aliyejihonga na kujikataa. Nimepewa barua ya onyo. Nitakuwa mfano katika mafunzo ya wafanyakazi wote. Nikauliza kama nitatajwa kwa jina. Akasema kwa jina. Nitavaa ile suti ya kijivu.

Wahu nimemwomba msamaha. Anasema anataka kwanza kuku wake. Lakini kuku ni kielelezo, harudi mpaka faili lifungwe. Nimeagizwa nimtunze stoo.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo ina mlango!

Dawati langu limeingia, kuku yuko juu ya mafaili ya zamani ya maadili. Saa tatu ametaga. Sikumwomba, sikukohoa, sikutaja chai. Nimeliandika. Zawadi: yai. Mtoaji: kuku. Alama moja.

Kisha nikakaa nikafikiri. Yai ni alama moja. Kifaranga kiko hai. Madam amesema cheo cha Nanyama kitapitiwa upya baada ya miezi mitatu, na yai huanguliwa kwa siku ishirini na moja!

Kinachohitajika ni jogoo. Wahu ana mmoja. Tangu Alhamisi anafunga banda kwa kufuli, lakini ufunguo najua unapokaa, na Jumapili ataenda kanisani.

Were nitamwambia ni mlio wa simu.