Mwanangu Beki na Baba Yake wa Mabira

Jumatatu, 7 Juni 1954

Daftari, salamu nyingi. Nilifundishwa kuandika barua tu, kwa hiyo nakusalimu kama mtu. Mume wangu, Baba Rwegoshora, hajambo, kifua tu. Mama mkwe Kemirembe hajambo, anakula vizuri. Binti yangu Kokuhirwa hajambo, kaunguza maharage. Mbuzi wote wawili hawajambo. Mwanangu Rwegoshora hajambo mpaka leo, na hapo ndipo roho yangu ilipo.

Ni beki wa kijiji chetu, Kimuli. Alianza na mpira wa magome ya migomba, hapa uani, mimi golini nikiwa na mimba ya Kokuhirwa. Jumapili anakuja bwana Aristides wa Kampala, kuchagua mchezaji mmoja wa timu ya kiwanda. Mshahara kwa kuzuia mpira! Lakini tunacheza na kijiji cha Mabira, na Mabira wana fowadi anaitwa Kahigi. Mwezi uliopita kavunja mtu mguu. Nimesinzia nikianika kahawa, nikauona mguu wa mwanangu ukielea juu ya ukungu, peke yake, unaelekea Uganda.

Jumatano, 9 Juni

Nimepata. Mtu hamdhuru ndugu yake wa kuchanjia. Mnachanjana tumboni, mnapaka damu buni mbili za tunda moja, kila mtu anatafuna ya mwenzake. Ukimgeuka, tumbo linavimba. Rwegoshora kakataa, kasema mpira si arusi. Sawa. Nina mume. Baba Rwegoshora hakatai kitu penye rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Ijumaa, 11 Juni

Kahigi kaja. Mpole, miguu kama nguzo za nyumba. Kampigia magoti mama mkwe. Wamechanjana yeye na mume wangu, wametafuna. Baba Rwegoshora kalia kidogo kwa ajili ya wembe. Rwegoshora alikuwa mazoezini. Padri asijue. Nimekaa mlangoni, migomba inapepea polepole, nikamwona mwanangu anazeeka na miguu yote miwili. Raha tupu.

Jumapili, 13 Juni

Nilisahau jambo moja. Ndugu wa baba ni baba.

Kahigi alikuja na mpira taratibu, kama mtu aliyebeba maziwa. Rwegoshora akamkabili. Kahigi akaukanyaga mpira, akasema mbele ya watu wote:

"Mwanangu, husalimii?"

Rwegoshora akatutazama. Baba yake akafunua shati, akaonyesha chale. Mwanangu akainama. "Shikamoo, baba." Kahigi akasema marahaba, akapita, akafunga. Mara tatu hivyo hivyo. Mama mkwe akapiga makofi, eti mtoto kalelewa.

Aristides kaandika jina la Kahigi.

Jumatatu, 14 Juni

Rwegoshora hali. Kalala kifudifudi. Kasema miaka kumi ya kuzuia imeishia tumboni kwa baba yake. Nikamwambia mguu si mzima? Akauliza, mzima wa kazi gani. Nikamfunika shuka.

Jumatano, 16 Juni

Kahigi kaja kuaga, pamoja na Aristides. Mama mkwe akamwuliza tangu lini baba anakwenda kula mshahara na mtoto amelala na njaa. Kahigi akashika tumbo. Akasema haendi bila mwanawe. Aristides akasema beki anayeamkia mafowadi hamtaki.

Basi Kahigi akamwita Rwegoshora uani. "Leo baba yako nakuruhusu. Nizuie."

Daftari, nilifumba macho. Nilisikia nyayo tu, na vumbi likanigusa uso kama poda. Nilipofumbua, Kahigi alikuwa amekaa juu ya kahawa yangu na mpira uko kwa Rwegoshora. Wakarudia mara kumi. Kahigi hakupita hata mara moja. Alikuwa anacheka kama mtu aliyejifungua mtoto.

Aristides kaandika majina mawili.

Alhamisi, 17 Juni

Wamekwenda na lori. Mwanangu alipunga mkono mpaka mkono ukawa kama jani, kisha ikabaki barabara. Kahigi kaniahidi atamlinda. Rohoni niliwaona wote wawili wamevaa soksi ndefu, jiji zima likimwita beki wangu kwa jina. Nimelia, nimecheka, nimemenya ndizi za watu watano wakati tumebaki wanne.

Halafu nikawaza. Kampala hakuna Kahigi mmoja tu. Nimemwandikia barua leo leo, Kokuhirwa anaiwahisha kwa mwenye baiskeli. Hii nakala yake:

"Mwanangu, hatujambo sote. Nijibu upesi. Huko mafowadi ni wangapi, na wanapenda rubisi? Baba yako bado ana nafasi ya chale tumboni."