Mwimbaji Aliyekaa Karibu na Mariette

Jumatatu, tarehe 7 Mei 2001
Delphin yuko Butembo! Delphin mwenyewe, yule mwimbaji wa orchestre, ambaye redio inapiga wimbo wake kila asubuhi wakati Mama Virginie, mwenye nyumba yetu hapa Kimemi, anawasha makaa. Vita imetawanya orchestre, donc mama yake amemwambia arudie masomo. Ameingia agronomia hapa chuoni. Promosheni yetu, darasa letu! Wasichana walijipaka mafuta huku profesa anaandika ubaoni. Na yeye akaenda kukaa wapi? Karibu na Mariette! Mariette ninayeishi naye chumba kimoja, mtoto wa mkulima wa Vuhovi, mwenye sketi mbili. Hakumtambua hata kidogo. Alimwambia tu, kama kaka yeyote wa mtaani: "Toa muguu, yaya, uko unakanyaga kilatu yangu."
Niliona aibu mimi. Mwanaume kama huyu anahitaji mwanamke wa kiwango. Yaani mimi. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 8 Mei
Mpango: nizimie kwenye ngazi, Delphin anidake. Nilizimia vizuri sana. Macho juu, vitabu chini. Lakini aliyenidaka ni profesa wa udongo, mzee wa jasho, akanibeba begani mpaka dispansari. Niliogopa kuamka. Muuguzi akasema siku hizi kila anayeanguka ana malaria, akanidunga kinini kwenye tako. Ninaandika haya nimelala kifudifudi.
Mariette ameniletea uji. Anasema Delphin alimsaidia kubeba gunia la viazi kutoka sokoni, akapumzika kila kona. Mariette akacheka peke yake. Sipendi kicheko hicho.

Alhamisi, tarehe 10 Mei
Nimemwambia Delphin kwamba mimi ni soliste wa kwaya ya kanisa letu. Akafurahi, akatoa gitaa, akasema niimbe. Palepale, mbele ya watu! Nikaimba. Vidole vyake vikasimama kwenye nyuzi. Kisha akaniuliza kwa upole kama homa imekwisha.
Jioni nimewakuta yeye na Mariette chini ya mikaratusi. Mariette anamfundisha majina ya magugu. Staa anayejulikana Kivu nzima anarudia nyuma yake kama mtoto wa primaire! Baadaye nilimwuliza anaona nini kwa yule msichana. Akasema: "Bengine bananiulizaka wimbo. Ule ananiulizaka kama nilikula."
Jibu la kijinga. Ningeweza kumuuliza hayo hata mimi.

Jumamosi, tarehe 12 Mei
Ushindi! Nimemwambia Delphin kwamba Mariette amechumbiwa na mlinzi wa mbuga huko Mutwanga, mwenye bunduki. Halafu nimemwambia Mariette kwamba Delphin ana mke Beni, tena mjamzito. Vyote nimevitunga nikichambua maharagwe. Kesho watachukiana. Keshokutwa nitamfariji.

Jumapili, tarehe 13 Mei
Nimetoka ibadani, chumba kitupu. Mama Virginie anasema Mariette amepanda camionnette ya Beni alfajiri. Anataka kumwona huyo mke kwa macho yake, maana hataki kuiba bwana wa mtu. Na Delphin? Amekodi piki. Anapitia Beni kwenda Mutwanga, akaongee na mlinzi kiume.
Nani alijua watu husafiri kwa ajili ya uongo?
Mchana habari zikafika. Wapiganaji wa Mayi-Mayi na askari wanapigana kwenye barabara ya Beni. Hakuna anayepita.
Sijala.

Jumatatu, tarehe 14 Mei
Tangu asubuhi nimesimama kwa mfanyabiashara mwenye fonia, ile redio ya kuitana na miji mingine. Beni inaitika, kisha sauti inakatika. Nimetaja majina yao kwa kupiga kelele mpaka koo linauma. Mwenye fonia akaniuliza hao ni nani wangu. Nikasema mmoja ni dada yangu. Kuhusu wa pili nilimwambia aite tena.
Wanasema camionnette imeonekana kando ya njia, haina watu. Nimerudi nyumbani, nimekunja sketi ya Mariette iliyobaki. Vuhovi bado hawajui. Nani atawaambia? Nimemwomba Mungu awarudishe, hata wakioana, hata mbele yangu. Nikaahidi nitaimba kwenye arusi. Kisha nikafikiri vizuri, nikaondoa hilo la kuimba.

Jumatano, tarehe 16 Mei
Wamerudi! Kwa miguu, matope mpaka magotini. Mama Virginie alipiga vigelegele, majirani wakadhani vita imefika. Mimi niliketi uani, ndani ya beseni la nguo, nikalia kwa sauti. Mariette akainama: "Hapana lia, Hulda. Tuko bazima bote."
Piki na camionnette zilisimamishwa kwenye barrière moja, kizuizi cha askari. Risasi zilipoanza, kila mtu akakimbia. Mariette akaruka ndani ya shamba la migomba, na mtu akamwangukia mgongoni. Delphin! Katekista mmoja aliwaficha jikoni kwake. Huko walikuwa na nafasi ya kuulizana. Mlinzi gani? Mke gani? Wakacheka mpaka katekista akawaziba midomo kwa mikono yake, maana askari walikuwa wanapita nje. Delphin anasema Mariette alimshika mkono, hakuuachia mpaka kulipopambazuka.
Sasa Delphin anatafuta mbuzi wa mahari wa kupeleka Vuhovi.
Mariette akaniita pembeni: "Uongo yako ingetuua. Unajua?" Nikasema ninajua. Akanipiga kofi moja, la nguvu. Kisha akaniomba uji.
Nimempikia sufuria nzima. Sijawahi kufurahia kofi namna hii.

Jumatatu, tarehe 21 Mei
Nimebadilika kabisa. Sidanganyi tena. Mchungaji mwenyewe amesema uso wangu umetulia.
Leo Henri, mpiga ngoma wa orchestre ile, amefika kumtafuta Delphin. Mrefu. Meno meupe. Analalamika kwamba ameitwa kupiga muziki Bunia na hana namna ya kufikisha ngoma zake, barabara ni mbaya. Sijui nini kilinivuta ulimi. Nimemwambia baba yangu ana ndege.
Baba yangu anafuga sungura.
Henri ameuliza inaruka lini. Nimesema Ijumaa. Amenishika mikono yote miwili.
Ijumaa bado mbali. Ndege itapatikana.