Faragha kwa Lugha Nyepesi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nyota yangu imewaka! Kampuni yetu inafulia watu nguo: unaagiza kwa programu ya simu, tunakuja kubeba kikapu. Sasa wakaguzi wa serikali wamesema sera yetu ya faragha haisomeki, iandikwe upya kwa lugha nyepesi. Kazi hiyo ni ya mwanasheria wetu, Bwana Ilhali, anayeitwa hivyo kwa kuwa hajui kuanza sentensi bila neno hilo. Nikanyoosha mkono kabla hajafungua mdomo. Bosi akakubali. Cheo cha mkuu wa mawasiliano kilicho wazi, nakuona! Ilhali akanipongeza kwa tabasamu la mtu anayekupisha mlangoni ili ujikwae wewe.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo dogo. Kumbe ili uandike kitu kieleweke, lazima kwanza ukielewe wewe. Dhuluma! Nimeshinda na maneno matatu: "washirika wetu teule". Nikamfuata fundi wa programu. Ni kina nani hao? Akasema ni yeyote anayelipa. Wanapewa nini? Namba zote zilizomo kwenye simu ya mteja, na mahali anapolala. Nikauliza, kufua shati kunahitaji kujua mtu analala wapi? Akatafuna kalamu, akasema hajawahi kuulizwa.

Nikaandika: "Tunachukua namba zote zilizo kwenye simu yako. Tunajua unalala wapi. Tunauza vyote viwili." Safi kama shuka! Wakati mwingine najionea wivu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nilimpa mama mkwe, mteja wetu mwaminifu, aisome. Alifika mwisho, kidole kikifuata kila mstari. Akavua miwani.

"Mkwe wangu, kwa hiyo hawa wauza majeneza wanaonipigia kila siku, namba yangu wameipata kwenu?"

Nikasema inawezekana, ila aone sentensi zilivyo fupi.

Kumbe alikuwa akimshuku jirani yake kuwa ndiye aliyeigawa namba. Akamnunia mwaka mzima. Jirani akafiwa na mume, mama hakwenda hata kumpa pole. Alikaa pale akilia, karatasi mapajani. Nikamwambia anaweza kubaki na nakala. Mke wangu hasemi nami. Watu hawajui kuthamini uandishi.

Mchana Ilhali alipotoka kula, nikaituma sera kwa wateja wote, asije akaipachika jina lake. Ushindi!

Alhamisi, 6 Machi

Wateja wanaifuta programu kama wanaofukuza nzi. Wengine wamekuja kudai nguo zao zikiwa bado mbichi. Bosi akaniita. Nikamkumbusha kwa upole kwamba yeye ndiye aliyetaka isomeke.

"Nilisema isomeke! Nani alisema waelewe?"

Nikajitolea kurekebisha: badala ya "tunauza", tuweke "tunashirikiana kwa upendo". Akanionyesha mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Wakaguzi wamepiga simu. Wameimwagia sera sifa, ndiyo ya kwanza wao wenyewe kuielewa. Na kwa kuwa wameielewa, biashara ya namba ikome leo hii. Bosi, jasho likimtoka, akasema uwazi ndio desturi yetu. Wakauliza mwandishi ni nani. Ilhali akakohoa, kwa unyenyekevu. Jumatatu anaanza kazi kama mkuu wa mawasiliano.

Nyumbani nimeambiwa mama mkwe ameshinda kwa jirani yake. Wamelia, wamecheka, na mama ameosha vyombo vyote vya yule mjane. Mke wangu amenipakulia chakula bila kuibamiza sahani. Naona ameanza kuelewa kipaji changu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimdhania vibaya Ilhali! Amenitembelea nyumbani na mkataba wangu mpya. Sifukuzwi! Kurasa tele, herufi kama sisimizi. Akasema ni mambo ya kawaida tu. Kweli, mtu mwenye akili atapoteza Jumamosi yake kusoma makaratasi ya wanasheria? Nikasaini kila alipoweka kidole.

Jumatatu niripoti chumba cha mashine za kufulia, nikiwa na viatu vya mpira. Bila shaka wakubwa huanza kwa ukaguzi.